Taasisi zinazotetea afya ya jamii za wachache: tuanzishe yetu au tujiunge na zilizopo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa chama cha Waswahili katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Chama chetu kimezoea mambo ya misiba, kusafirisha maiti nyumbani na kuchangiana harusi, na wanachama wake ni Watanzania, Wakenya, Wakongo na Wahindi kadhaa wa Afrika Mashariki. Mwanangu wa miaka tisa ana selimundu, na zaidi ya mara moja amecheleweshewa dawa ya maumivu hospitalini. Katika kikao kilichopita wanachama walipendekeza tuanzishe taasisi yetu ya kutetea afya ya jamii za wachache. Ninaona taasisi za namna hiyo ni nyingi tayari. Je, hufanya nini hasa? Zimewahi kubadilisha jambo lolote? Na sisi tuanzishe yetu, au tujiunge na zilizopo?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu, na mpe mtoto pole. Nianze na lake, kwa kuwa haliwezi kusubiri kikao kijacho cha chama. Mwongozo wa tiba uliotolewa mwaka 2012 na NICE, taasisi inayotunga miongozo ya tiba huko, unaelekeza kwamba mgonjwa wa selimundu anayefika hospitalini akiwa na maumivu makali apewe dawa ya kuyatuliza ndani ya dakika 30 tangu kufika kwake. Una haki ya kukitaja kipimo hicho kwa utulivu pale mapokezi ya dharura, kuomba saa mliyofika iandikwe, na kulalamika kwa maandishi baadaye ikiwa hakikufuatwa. Mwombe pia daktari bingwa wa damu anayemtibu akupe mpango wa matibabu ulioandikwa, unaoonyesha dawa gani itolewe na kwa kiasi gani, ili usilazimike kuueleza ugonjwa upya kila mnapokutana na daktari mgeni.

Kuhusu chama, ushauri wangu ni kwamba msianzishe taasisi mpya ya "afya ya jamii za wachache", angalau kwa sasa. Undeni kamati ya afya ndani ya chama mlicho nacho, wazazi wenye watoto wa selimundu wajiunge na Sickle Cell Society, chama cha kitaifa cha wagonjwa wa selimundu, na chama chenyewe kishike jambo moja ambalo hakuna taasisi nyingine italishika kwa niaba yenu, nalo ni lugha. Sababu zake zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu zinatokana na namna taasisi hizi zilivyofanikiwa, na pia zilivyoshindwa, katika nchi hiyo mnayoishi.

Uichukue selimundu yenyewe kuwa mfano. Katika miaka ya 1970 familia nyingi kutoka Karibiani na Afrika Magharibi zilizokuwa zikiishi London zilihangaika na watoto ambao madaktari hawakuujua ugonjwa wao, au waliujua kwenye vitabu tu. Mwaka 1979 yalitokea mambo mawili. Wagonjwa, wazazi na baadhi ya wahudumu wa afya waliunda Sickle Cell Society. Na katika eneo la Brent, kaskazini-magharibi mwa London, daktari wa damu Milica Brozović na muuguzi Elizabeth Anionwu walifungua kituo cha kwanza nchini cha ushauri kwa wagonjwa wa selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu. Anionwu, ambaye baba yake alikuwa Mnigeria na mama yake mwenye asili ya Ireland, alikuwa amelazimika kwenda Marekani kusomea ushauri wa ugonjwa huo, kwa sababu nchini mwake mafunzo hayo hayakuwapo. Wenzao wa thalasemia, ambao wengi walikuwa na asili ya Kupro, walikuwa wametangulia kuunda chama chao mwaka 1976.

Watu hawa walidai nini? Wangeweza kudai "huduma bora kwa watu weusi", na wakubwa wa wizara wangekubali kwa kichwa kisha wakaendelea na kazi zao. Badala yake walidai kipimo. Kila mtoto anayezaliwa Uingereza huchomwa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa ili tone la damu lipimwe magonjwa ya kurithi, na tangu mwaka 1969 ugonjwa uliokuwa ukitafutwa kwa watoto wote ni fenilketonuria, ambao humpata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000. Selimundu nchini England humpata takriban mtoto mmoja kati ya 2,000, na bado haikuwa miongoni mwa vipimo vya wote. Hoja hiyo ni ya hesabu, haimtukani mtu, na ni vigumu mno kuijibu bila kuonekana kwamba unathamini watoto wa rangi moja kuliko wa rangi nyingine.

Walipata pia msaada wa sayansi. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba watoto wenye selimundu wanaopewa penisilini kila siku hupungukiwa kwa zaidi ya asilimia 80 na maambukizi makali ya nimonia na ya damu, yaliyokuwa yakiwaua wakiwa wadogo. Kuanzia hapo kuchelewa kumgundua mtoto kukawa na maana ya kumwacha bila dawa ya bei ndogo inayoweza kumwokoa. Baadhi ya wilaya zilikuwa zikiwapima tu watoto ambao mkunga aliona wazazi wao wanatokana na "jamii zinazohusika", yaani mkunga alikuwa akikisia kwa sura na kwa jina, na watoto wakapita katikati ya vidole vyake. Mpango wa serikali wa mwaka 2000 ndio ulioahidi upimaji wa nchi nzima, na kufikia mwaka 2006 kila mtoto mchanga wa England alikuwa akipimwa. Kama mwanao alizaliwa huko, aligunduliwa kwa tone lile la kisigino.

Tangu 1979 hadi 2006 ni miaka 27. Nakutajia hesabu hiyo ili wanachama wenu waliopendekeza taasisi wajiulize kama wako tayari kwa kazi ya urefu huo, yenye mikutano mingi na picha chache. Nakutajia pia ili uone umbo la mafanikio yenyewe: ugonjwa mmoja wenye jina, kipimo kimoja, takwimu inayolinganishwa na nyingine, mwenye mamlaka anayejulikana, na wagonjwa wenyewe wakiwa ndani ya chumba cha mazungumzo. Kila nilipochunguza kwa nini taasisi fulani ya utetezi ilipata kitu na nyingine haikupata, nimekuta sehemu kubwa ya jibu hapo.

Kugunduliwa, hata hivyo, si kutibiwa vizuri, nawe umeliona kwa macho yako. Mwaka 2019 kijana wa miaka 21 mwenye selimundu alifariki katika hospitali moja ya London, na uchunguzi wa mahakama ya vifo uliofanyika mwaka 2021 ulieleza kwamba akiwa amelala kitandani wodini alipiga simu ya dharura ya 999 kuomba oksijeni. Kutokana na kifo hicho kundi la wabunge wanaofuatilia selimundu na thalasemia, wakishirikiana na Sickle Cell Society, walikusanya ushahidi wa wagonjwa na kuchapisha taarifa mwezi Novemba 2021. Ilieleza yale ambayo familia zimekuwa zikiyasema kwa miaka: wahudumu wa mapokezi ya dharura wasioujua ugonjwa, maumivu yasiyoaminiwa, wagonjwa kuchukuliwa kama watu wanaotafuta dawa za kulevya, na ubaguzi wa rangi ukitajwa waziwazi kuwa sababu mojawapo. Hatua zilizofuata zilikuwa za vitendo, zikiwamo vitengo vya London vinavyowapokea wagonjwa moja kwa moja bila kuwapitisha kwenye foleni ya dharura. Kwa hiyo ukiandika malalamiko kuhusu dakika zile 30, tuma nakala kwa Sickle Cell Society. Barua ya mzazi mmoja hujibiwa kwa maneno ya pole, lakini barua hamsini zenye saa na tarehe zikikusanywa mahali pamoja huwa ushahidi wa kupeleka bungeni.

Usidhani kila dai lao limefaulu. Nchini England mtu mzima hulipia dawa anazoandikiwa na daktari isipokuwa ana ugonjwa uliomo katika orodha ya msamaha, na orodha hiyo ilitungwa mwaka 1968. Kisukari kinachotibiwa kwa dawa kimo, kifafa kimo, saratani iliongezwa mwaka 2009, lakini selimundu haimo, ingawa mgonjwa wake huhitaji dawa maisha yake yote. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini hawalipi kabisa. Sickle Cell Society imelidai jambo hili kwa muda mrefu, hoja yake ni nyepesi kueleweka, mwenye mamlaka anajulikana, na hadi ninapoandika serikali haijakubali. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba kuufungulia mlango ugonjwa mmoja wa kudumu ni kuualika msururu wa magonjwa mengine nyuma yake, na hazina haitaki kuuona mlango huo ukifunguliwa. Mwanao akifikisha umri wa kulipa, jambo hili litakuhusu.

Kuna kulinganisha kwingine kunakoumiza. Ugonjwa wa kurithi wa mapafu uitwao sistiki faibrosisi, ambao huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, una wagonjwa wachache kuliko selimundu katika nchi hiyo, lakini kwa miaka mingi umepata fedha nyingi zaidi za utafiti na dawa mpya zaidi. Familia zilizouzunguka zilikuwa na wanasheria, wafanyabiashara na marafiki ndani ya magazeti. Familia za selimundu zilikuwa na madereva wa mabasi na wauguzi wasaidizi. Sisemi hivyo kuwashusha, maana ndio waliozaa mafanikio niliyoyataja. Ninasema ili chama chenu kikiona mambo yanakwenda polepole, kisidhani tatizo ni kukosa barua yenye nembo nzuri.

Jambo la damu linawahusu moja kwa moja. Mwaka 1996 wazazi wawili wa London, Beverley De-Gale na Orin Lewis, walianzisha taasisi ya ACLT kwa sababu mtoto wao Daniel alikuwa na saratani ya damu na hakupatikana mtu wa kumpa uloto unaolingana naye. Katika rejista nzima ya Uingereza wakati ule watu weusi na wa mchanganyiko walikuwa 550 hivi. Walizunguka makanisani, sokoni na kazini wakiwaandikisha watu, na mwaka 1999 Daniel akawa mtu mweusi wa kwanza nchini humo kupandikizwa uloto wa mtu asiye ndugu yake, uliotoka kwa mtu aliyeishi Marekani. Alifariki mwaka 2008. Taasisi ingali inafanya kazi. Mlinganisho wa uloto hutegemea sana asili ya mtu, kwa hiyo wito wa jumla wa kujitolea, hata ukisikika nchi nzima, hauwezi kumsaidia mgonjwa wa asili ya Pwani au ya Kivu ikiwa watu wa asili yake hawamo katika rejista.

Damu ya kuongezewa nayo ina habari yake. Wagonjwa wengi wa selimundu huhitaji damu ya aina ndogo iitwayo Ro, ambayo zaidi ya nusu ya watu weusi wanayo, wakati katika idadi ya watu kwa jumla ni takriban asilimia 2 tu. Kwa sababu hiyo huduma ya damu ya NHS, yaani mfumo wa afya wa umma wa nchi hiyo, imekuwa ikiwasihi Waafrika wajitokeze. Huduma hiyohiyo, hata hivyo, ilikuwa na swali katika fomu yake lililomzuia kwa miezi mitatu mtu yeyote aliyekutana kimwili na mpenzi ambaye huenda amefanya mapenzi katika nchi yenye Virusi vya Ukimwi kwa wingi, na maelezo yalitaja sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Mtu aliyeoa Mwafrika mwenzake alijikuta anazuiwa na ndoa yake! Mashirika yanayohusika na Virusi vya Ukimwi, yakiwamo Terrence Higgins Trust, National AIDS Trust na mtandao wa mashirika yanayoongozwa na watu weusi uitwao One Voice Network, yalidai swali hilo liondolewe, na mwaka 2021 serikali ilitangaza kuliondoa England. Walionyesha kwamba swali lilikuwa halizidishi usalama wa damu, kwa kuwa damu yote hupimwa, na kwamba lilikuwa likiwafukuza watu walewale waliohitajika. Swali moja kwenye fomu ndilo lililokuwa dai lote, na sijaona mfano bora wa kuwasomea wanachama wenu.

Upande wa wajawazito, ripoti za kitaifa za uchunguzi wa vifo vya uzazi zilionyesha mwaka 2018 kwamba wanawake weusi walikuwa wakifariki kwa uwiano wa mara tano ya wanawake weupe. Mwaka uliofuata Tinuke Awe na Clotilde Rebecca Abe walianzisha Five X More, iliyochukua jina lake kutokana na takwimu hiyo. Ombi lao kwa bunge lilitiwa saini na watu zaidi ya 187,000, likajadiliwa Aprili 2021, na Februari 2022 serikali ikaunda kikosi cha kushughulikia tofauti hizo. Katika ripoti za karibuni pengo limepungua, ingawa bado ni zaidi ya mara mbili. Ningetahadhari hapa: vifo vyenyewe, kwa bahati njema, ni vichache, kwa hiyo uwiano huyumba mwaka hadi mwaka, na anayedai sifa kwa kila kushuka atapata tabu siku ukipanda.

Ipo pia NHS Race and Health Observatory, chombo huru kilichoanza kazi mwaka 2021 kwa fedha za NHS. Kazi yake ni kukusanya ushahidi. Miongoni mwa mambo yake ya mwanzo ni onyo kwamba kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kusoma juu zaidi ya ukweli kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, jambo lililokuwa na uzito mkubwa wakati wa UVIKO-19. Hamtakihitaji kila siku, lakini machapisho yake ni hazina ya takwimu kwa anayeandika barua.

Sasa niseme udhaifu wa taasisi hizi, kwa sababu wanachama wenu wanastahili kuujua kabla hawajachangishana. Nyingi huishi kwa ruzuku za mwaka mmoja au miwili. Ruzuku hutoka NHS, halmashauri au wafadhili binafsi, na huja na mada yake: mwaka huu chanjo, mwaka kesho kisukari, mwaka unaofuata afya ya akili. Taasisi ndogo huifuata fedha, na baada ya miaka mitano hakuna mtu anayeweza kusema inadai nini. Halafu mwenye kulipwa na NHS hupunguza makali anapoisema NHS, bila mtu yeyote kumwamuru. Wengine hupokea fedha za kampuni za dawa. Hilo si kosa kwa lenyewe, na kanuni za sekta ya dawa zinazitaka kampuni kutangaza kila mwaka walichowapa vikundi vya wagonjwa, lakini msomaji makini hulitazama anaposikia taasisi ikisifu dawa mpya. Hesabu za taasisi za hisani zimo katika rejista ya Tume ya Taasisi za Hisani, iliyo wazi kwa kila mtu. Zisomeni kabla hamjaalika mgeni rasmi.

Udhaifu mwingine ni ule wa kuitwa mezani ili uwe muhuri. Bodi inataka kuandika kwamba "jamii zimeshirikishwa", basi inamwita mzee mmoja wa kila jamii, inamlisha sambusa, inamwonyesha mpango uliokwisha kuamuliwa, na inampiga picha. Ukialikwa, uliza mapema uamuzi gani haujafanywa bado na nani ataufanya, na lini. Wakikosa jibu, tuma udhuru. Mimi nimekuwa na msimamo mkali zaidi katika hili kadiri miaka inavyopita, na najua wapo wenzangu wanaoona kwamba kuwapo chumbani ni bora kuliko kutokuwapo.

Kwa nini basi nasema mshike lugha? Kwa sababu Mswahili haonekani katika takwimu za nchi hiyo. Fomu za NHS kwa muda mrefu zimetumia makundi ya sensa ya mwaka 2001, ambayo hayana hata nafasi ya Mwarabu. Mtu wa Unguja mwenye asili ya Omani hujaza "kundi lingine", Mchaga na Mluhya huingia katika "Mwafrika" pamoja na Mnigeria na Mghana, Mhindi wa Kampala au wa Mombasa huhesabiwa na Wahindi, na Mkongo aliyeletwa na mpango wa Gateway, uliowapokea wakimbizi kati ya mwaka 2004 na 2020, mara nyingi huandikiwa mkalimani wa Kifaransa kwa sababu karani anajua kwamba Kongo ni nchi ya Kifaransa. Mama wa Uvira ambaye hakusoma hajui Kifaransa. Anajua Kiswahili, tena cha kwao, na mkalimani kutoka Pemba akiletwa wanaweza kupotezana katika maneno yaleyale ambayo daktari anayahitaji zaidi, yanayohusu mwili na maumivu. Wabarawa, ambao wana jumuiya kongwe kaskazini mwa London, wana Chimiini chao, na karani huwaandika Wasomali.

Kiafya, kutoonekana huku kuna gharama. Selimundu ipo Omani kama ilivyo Tanzania na Kongo, kwa hiyo mkunga anayeuliza asili ya mjamzito na kuridhika na neno "Mwarabu" anaweza kupitwa na jambo. Wahindi wenu wa Afrika Mashariki wana hatari zaidi ya kisukari, na kwao NICE imeweka kiwango cha tahadhari cha uwiano wa uzito na urefu kuanzia 23 badala ya 25. Taasisi inayojua habari hizo vizuri ni South Asian Health Foundation, nanyi hamna haja ya kuanza upya. Lakini hakuna hata moja kati ya taasisi nilizozitaja itakayoamka asubuhi ikiwa na wazo la kuhesabu wasemaji wa Kiswahili katika kliniki za mji wenu. Kazi hiyo ni yenu au haitafanyika.

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 149 cha Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 kinazitaka taasisi za umma kuzingatia namna huduma zao zinavyoathiri watu wa makundi mbalimbali, rangi na asili zikiwamo. Mwongozo wa NHS wa mwaka 2018 kuhusu ukalimani katika huduma za msingi unasema mgonjwa hapaswi kulipia mkalimani, na kwamba mtoto au jamaa asitumiwe kuwa mkalimani. Nisisitize hilo la mwisho, kwa kuwa katika jamii zetu mtoto wa darasa la saba ndiye anayemwambia mama yake kwamba ana uvimbe kwenye kizazi. Mwanachama anapojiandikisha kwa daktari wa familia anaweza kuomba lugha yake iandikwe kwenye rekodi yake, na hana sharti la kuonyesha hati ya makazi wala kibali cha uhamiaji ili aandikishwe.

Kuhusu umbo la chama, kamati ya afya haihitaji usajili mpya. Mkiamua baadaye kuwa taasisi ya hisani, mfahamu kwamba usajili ni wa lazima kipato kikizidi pauni 5,000 kwa mwaka, na kwamba mkichagua umbo linaloitwa CIO, yaani taasisi ya hisani yenye nafsi yake ya kisheria, mtasajiliwa hata kama kipato ni kidogo. Wadhamini wasipungue watatu, na wasiwe ndugu wa nyumba moja. Wengine watawatisha kwamba taasisi ya hisani hairuhusiwi kugusa siasa. Inaruhusiwa kudai sheria au sera ibadilishwe maadamu dai linahusiana na madhumuni yake; isichoruhusiwa ni kuunga mkono chama cha siasa au mgombea. Msiuchanganye mfuko wa misiba na fedha za afya, wala msiutumie mfuko huo kama dhamana ya shughuli mpya. Watu wameuchangia kwa nia ya kusitiriana, na mgogoro wa fedha hizo utavunja chama na kamati kwa pamoja.

Kazi ya kwanza ya kamati iwe barua. Iandikeni kwa bodi ya huduma jumuishi ya eneo lenu, yaani vile vyombo vilivyoanza Julai 2022 kupanga fedha za NHS katika kila eneo, na nakala kwa hospitali kuu ya mji. Itumeni chini ya Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000, inayowapa siku 20 za kazi kujibu. Ulizeni mambo manne tu: ni wagonjwa wangapi walioandikwa kuwa lugha yao kuu ni Kiswahili, ni mara ngapi mkalimani wa Kiswahili aliombwa katika mwaka uliopita na ni mara ngapi alipatikana, kama hutofautisha Kiswahili cha Kongo na cha Pwani wanapopanga mkalimani, na ni wagonjwa wangapi wa selimundu waliopewa dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 katika mapokezi yao ya dharura. Wakijibu kwamba hawana takwimu, na kwa maswali mawili au matatu ndivyo watakavyojibu, jibu hilo lihifadhiwe, kwa sababu ndilo mtakaloanza nalo barua ya pili. Wakati mnasubiri, mwandikishe mtoto na ninyi wazazi katika Sickle Cell Society, na waombeni wanachama wote wenye afya wakapimwe damu yao ni ya aina gani. Waliokuja kutoka nchi zenye malaria waeleze hivyo wanapofika, kwani mara nyingi hupimwa kwanza kingamwili za malaria ndipo waruhusiwe kutoa.